Kwa Unene wa Karafuu

Arubaini ya baba iliangukia Jumamosi
ya fainali ya wanawake kule Paris,
na hakuna aliyepanga.
Sufuria ya pilau iko mafigani,
misahafu imegawiwa ukumbini,
juzuu thelathini kwa watu kumi na tisa,
na simu ya Hidaya imeegemezwa kwenye mtungi,
sauti imezimwa, kwa adabu.

Shangazi Mize anamenya vitunguu saumu, haangalii.
Kisha anaangalia.
"Mchanga huo wa wapi?"
Si mchanga, shangazi. Matofali yaliyosagwa.
"Matofali!" Anacheka mpaka kisu kinamtoka.
"Sisi hapa Wete tulisaga kichuguu."

Ni kweli. Baba alikuwa na miaka kumi na sita
alipokabidhiwa rola la chuma na kamba ya katani.
Alilikokota alfajiri, umande haujakauka,
kwenda na kurudi, kama ngamia wa kinu,
akapiga mistari kwa uzi na chokaa,
akafagia nyayo za watu
ambao hawakupata kumuuliza ni mtoto wa nani.
Uwanja mmoja tu, nyuma ya klabu ya maofisa,
mwekundu kama mdomo wa mla tambuu.

Siku moja mpira wa Bwana Shauri
ulitua pale ambapo macho hugombana.
"Ndani," alisema Bwana Shauri.
Karani wa karafuu alitazama viatu vyake;
alikuwa na barua ya likizo, haijatiwa saini.
"Basi muulizeni Shaame."
Baba akachuchumaa. Akalisoma doa
kama mtu asomaye barua ya jirani asiyejua kusoma,
taratibu, asije akaongeza neno.
"Nje, Bwana. Kwa unene wa karafuu."

Wiki tatu hakuitwa kazini.
Mvua ikanyesha, rola likashika kutu,
magugu yakapenya kwenye wavu.
Kisha wakamtuma mtu kumfuata:
hakuna mwengine aliyejua kiasi cha maji.
Hayo tumeyasikia kwa shangazi.
Yeye mwenyewe, ukimuuliza habari za klabu,
alisema tu kwamba rola lilikuwa zito.

Siku hizi pale huanikwa karafuu.
Mistari ipo chini ya majamvi, au haipo.

Seti ya tatu. Yule wa mkono wa kushoto,
soksi zake zilikuwa nyeupe saa kumi.
"Arubaini kwa thelathini," anasoma Hidaya,
nami nauliza mbona si arubaini na tano.
Kumi na tano, thelathini, halafu wakachoka kuhesabu?
Hakuna anayejua.
"Arubaini inatosha," anasema shangazi,
na anainamia sinia lake, macho yamemlowa.
Vitunguu saumu havilizi mtu.

Mpira. Mkono juu. Ubishi.
Mwamuzi anashuka kwenye kiti chake kirefu,
anavuka uwanja bila haraka,
anachuchumaa, anaweka kidole.

"Shaame yule," anasema shangazi Mize.

Hatukucheka.
Hidaya akafungua sauti, kidogo tu,
tusikie atakavyosema.
Alisema Kifaransa. Kidole kilisema nje.

Mipira miwili baadaye ikawa basi.
Yule wa kushoto akaanguka chali, mikono wazi,
akalala pale muda ambao kwetu
mtu angeshafuatwa na kuulizwa kama yu mzima.
Alipoinuka, mgongo wake mzima ulikuwa Wete.
Wakamletea kikombe, akakibusu, akalia.
Ukumbini mtu alikohoa, akaanza dua,
na sote tukainua mikono, mingine inanuka saumu.

"Amin," akasema shangazi, akajipangusa uso,
akaisogeza simu karibu na macho.
"Fulana hiyo mwambieni aitie ndimu leo leo.
Ikilala, haitoki tena."